Mpunga Mweupe Uliopigiwa Makofi

Jumamosi, ndani ya boti.

Mawingu yamefunika mto tangu alfajiri na manyunyu hayakatiki. Abiria wote wananung'unika, wanavuta maturubai huku na huku. Mimi nashukuru. Jua la Alhamisi lilitosha. Miche niliyoibana kati ya magoti yangu isingevumilia jingine.

Nina hasira. Naiandika kwanza, kabla sijaanza kueleza, maana najijua: nikianza kueleza nitaanza kuwaelewa watu, na leo sitaki kumwelewa mtu.

Mota inatikisa daftari. Herufi zinakwenda upogo. Na ziende.

Nianze na mpunga wenyewe, kwa sababu pale uwanjani kilisemwa kila kitu isipokuwa habari zake. Ni mpunga wa Mama Yenga, mkulima wa upande wa Yahuma. Ganda lake ni jekundu, bua lake fupi na nene, halilali upepo ukipiga, na unawahi kuiva kuliko mwingine wote wa kule. Alipewa na mama yake. Kisha ikaja kampeni ya serikali: lori la mbegu mpya, na amri kwamba kila shamba lipande hiyo tu. Aliyekutwa na mbegu ya zamani aliitwa adui wa maendeleo mbele ya kijiji kizima. Msimu wa kwanza mbegu mpya ilizaa. Msimu wa pili majani yaliungua kwa ugonjwa, mashuke yakatoka matupu. Watu walipotaka kuurudia mpunga wao, walikuwa wameshaula.

Mama Yenga peke yake alikuwa amebakiza kibuyu kimoja juu ya moshi wa jiko. Paa likavuja, punje zikalowa. Alizipanda, hazikuota. Zilizobaki hazikujaza bakuli. Alizifunga kwenye kitambaa akaja nazo Kisangani, kwa kuwa muuguzi wa zahanati yao alimwambia mjini kuna watu wanaootesha mimea ndani ya chupa.

Hao watu ni mimi na Papa Ngongo. Mimi ndiye fundi wa labo, yaani maabara ya mimea. Papa Ngongo ni kibarua wetu, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Yeye ndiye anayewasha mbabula, jiko letu la makaa, kila asubuhi na kuchemshia chupa zetu kwenye sufuria ya presha, kwa sababu mashine ya kuulia vijidudu iliharibika kabla sijaajiriwa na hakuna aliyejali kuitengeneza.

Niliziambua punje maganda, nikaziosha kwa maji ya javeli yanayoua vijidudu, nikazilaza moja moja juu ya jeli yenye sukari na dawa ya kuamsha uhai. Nyingi zilioza. Zingine zilifunikwa na ukungu. Kumi na moja zilikuwa bado na pumzi kidogo ndani ya kiini, na badala ya kuota zikatoa madonge ya manjano, laini kama nta. Hayo ndiyo niliyokuwa nayangoja. Donge moja unaligawa mara nne, kila kipande kinanenepa, na ukikihamishia kwenye jeli nyingine chini ya taa, siku moja kinachomoza jani.

Nililia jani la kwanza lilipotoka. Lilikuwa jeupe.

Jeupe kama karatasi hii. La pili pia, na la tatu. Mwalimu aliyenifundisha kazi hii kule Yangambi alishanionya: donge la nafaka likikaa chupani muda mrefu huzaa miche myeupe. Haina ile rangi ya kijani ambayo mmea hupikia chakula chake. Ndani ya chupa inakula sukari tuliyoiwekea, inanyooka, inapendeza kuliko mizima. Itoe, ipande kwenye udongo, na haimalizi wiki mbili.

Chupa zilikuwa zaidi ya arobaini. Zilizotoa kijani zilikuwa sita. Ilinichukua karibu miaka miwili kuzifikia hizo sita, pamoja na taa kukatika, pamoja na sukari ya labo kuibwa na watu wa ofisini wakainywea chai. Ndipo nikatuma ujumbe kwa mtu wa boti: Mama Yenga aje, msimu huu ataondoka na mpunga wake. Ahadi hiyo niliitoa mimi. Hakuna aliyenituma.

Alifika Jumatatu, miguu imevimba. Nilimpeleka kwenye rafu. Hakunishukuru. Aliinama hadi pua ikagusa kioo, akatazama muda mrefu, kisha akasema bua ni lake. Nilimweleza kwamba bado wiki mbili au tatu za kuizoesha miche hewa ya nje, akakubali kungoja kwa ndugu yake ng'ambo ya mto.

Jumanne akaja chef, mkubwa wetu.

Chef Bolamba huingia labo mara mbili kwa mwaka. Safari hii alikuja na abakosi yake mpya, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai, na habari kwamba wajumbe wa Chama kutoka Kinshasa wangefika Alhamisi, na kila idara iweke mezani matunda ya kazi yake. Alizipita chupa za kijani bila kupunguza mwendo. Akasimama mbele ya zile nyeupe, akavua miwani.

Nilimwambia ni miche ya kufa. Nilimweleza yote, sukari, udongo, wiki mbili. Alinisikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza mvua.

"Majani mabichi yanaota kila mahali, citoyenne," akasema, akiniita mwananchi kama Chama kinavyotaka. "Nani atakuja kupiga picha ya majani?"

Akaagiza chupa zote zipelekwe uwanjani, na zile za kijani pia, meza isionekane na mapengo.

Nikasema, "Ndiyo, chef."

Kabati la giza lilikuwapo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ningezifungia zile sita humo na asingejua, maana hakuzihesabu, hakuzitazama hata. Lakini nilisema ndiyo, chef, nikazipanga kwenye makreti kwa mikono yangu mwenyewe, na hata nikazipangusa vioo ving'ae.

Alhamisi tulipangwa uwanjani asubuhi na mapema. Mimi nilivaa kitenge cha Chama nikasimama nyuma ya meza. Wajumbe walitarajiwa asubuhi. Walifika jua likiwa utosini. Chupa iliyofungwa ikikaa juani ni sufuria juu ya moto. Niliona mvuke ukishika vioo kwa ndani. Kisha niliona jeli inalegea, miche inaanza kuinama upande mmoja kama watu waliosinzia kanisani. Nilimwendea chef nikamwomba kivuli. Miavuli ilikuwa ya wageni. Nilimwendea tena. Safari hii alitabasamu kwa ajili ya waliokuwa wakitutazama, akaniambia katikati ya meno nirudi nikasimame wima.

Papa Ngongo alileta gunia alilolilowesha kwenye bomba, akalitandaza juu ya chupa. Kijana mmoja wa Chama akalivuta akalitupa chini. Lilikuwa linafunika maandishi ya Chama yaliyobandikwa mezani.

Wakaja. Wakaimbiwa, wakachezewa. Chef akapanda jukwaani akasema mpunga mweupe umezaliwa Kisangani, kwa akili yetu wenyewe, bila kuomba msaada ng'ambo, na kwamba utaitwa Mpunga wa Mapinduzi, na wakulima wa mkoa wote wataupata msimu ujao. Makofi. Nilipiga na mimi. Viganja vyangu vilipiga.

Kisha akashuka, akafungua chupa, akauchomoa mche mweupe kwa vidole akauinua mbele ya kamera. Wageni nao wakataka kushika. Myeupe iliyokuwa karibu ilipokwisha, akaanza kufungua ya kijani. Aliing'oa akaigawa kama mtu anayegawa maua. Chupa tatu zilikuwa zimeshapikika, miche imelala kwenye maji ya jeli. Hizo akazisukuma pembeni. Mke wa mjumbe mmoja alichomeka mche wangu kwenye kilemba chake, akageuza kichwa ili mwenzake aone.

Miaka miwili. Kwenye kilemba.

Hapo ndipo nikamwona Mama Yenga. Sijui nani alimwambia. Alikuwa amepenya umati na sasa yuko mbele ya meza, mkono mmoja umeshika ukingo. Hakumtazama chef wala wageni.

"Feza," akasema, "mupunga yangu iko wapi?"

Hakupaza sauti. Aliniuliza kama mtu anavyouliza kitu alichokiacha kwa jirani.

Chef akanigeukia, tabasamu bado liko palepale. "Citoyenne, uyu mama, unamujua?"

Na mimi nikasema, "Apana, chef."

Nimeyaandika hapa ili nisije nikayapamba baadaye. Hakunishika koo. Hakunitisha. Aliniuliza tu, nami nikajibu upesi, kama ninavyojibu nikiulizwa saa. Vijana wawili wa Chama wakamshika Mama Yenga mikono wakamrudisha nyuma. Hakubishana nao. Alinitazama mimi, mpaka migongo ya watu ikamfunika.

Mchana huo nilirudi labo na makreti. Mama Yenga alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, kilemba kimemfunguka begani. Niliweka makreti chini mbele yake. Papa Ngongo alikuwa amenitangulia. Akatuita ndani sote wawili, akafungua koti lake, akatoa chupa moja.

Kijani. Miche mitatu.

Aliichukua mezani wakati wote tumewageukia wacheza ngoma. "Nilibeba ile yenye ilikuwa karibu," akasema, na akaenda kuwasha mbabula kama vile siku ilikuwa ndiyo inaanza. Mtu huyu anaajiriwa kwa siku. Neno moja la chef na kesho yake hana kazi, na hata barua ya kumfukuza haihitajiki. Yeye alithubutu. Mimi mwenye cheti na ufunguo nilipiga makofi.

Nilianza kumwomba Mama Yenga msamaha. Nilisema niliogopa, nilisema chef alikuwa amesimama pale, nilisema sikufikiri.

"Nilikusikia," akanikata. "Masikio yangu iko mazima. Sasa fanya kazi."

Nikafanya kazi. Nililegeza jeli kwa maji ya uvuguvugu, nikaiosha mizizi mmoja mmoja mpaka isibaki sukari ya kuita ukungu, nikaipanda kwenye makopo ya maziwa niliyoyatoboa chini na kuyajaza mchanga wa mto uliochanganywa na majivu ya maganda ya mpunga. Kila kopo nililivika mfuko wa plastiki angavu. Kwa haraka nilivunja mzizi mmoja. Yeye alisimama nyuma yangu muda wote, na kila kitu akauliza kwa nini.

Nilipomaliza akasema anaondoka nayo.

Nilikataa. Ilikuwa zamu yangu ya kuwa na akili. Nilimweleza kwamba miche hii haijawahi kuguswa na upepo, kwamba mfuko unapaswa kufunguliwa kidogo kidogo siku baada ya siku, kwamba safari ya boti na kisha baiskeli itaiua, kwamba madonge yaliyobaki kabatini yamezeeka na sasa yanatoa nyeupe tupu, kwa hiyo hii mitatu ndiyo mpunga wake wote uliobaki duniani.

"Na apa aitakufa?" akaniuliza. "Unataka niache, kisha siku moja watakuuliza tena kama unanijua?"

Nilisema tu kwamba basi nitakwenda nayo mimi, mpaka ishike udongo. Alinitazama kuanzia miguuni. Akasema boti inaondoka Jumamosi na mahali pa kulala kwake ni padogo.

Jana, Ijumaa, chef aliniita ofisini. Alikuwa na furaha, akanipa kiti. Mezani palikuwa na ripoti iliyokwisha pigwa chapa: mpunga mweupe umestawi, unazidishwa, uko tayari kwa wakulima. Chini kabisa palikuwa na jina langu na nafasi ya sahihi.

Nilimwambia kwa mara ya pili wiki hii kwamba miche ile itakufa.

"Unafikiri sijui?" akasema, taratibu kabisa. "Nilijifunza mambo ayo zamani, mbele yako. Lakini wameahidi groupe, citoyenne. Groupe mupya. Taa aitakatika tena. Kwa ile unaweza kuotesha mupunga yote ya ule mama wa kwenye meza."

Alijua. Alipokuwa anauinua ule mche mbele ya kamera alijua kila kitu ninachokijua. Siku mbili nimekuwa nikimchukia kwa ujinga, kumbe hata ujinga hana. Na kinachoniunguza zaidi ni kwamba hoja yake nimeielewa. Taa zinakatika kweli. Jenereta tunaihitaji kweli. Labda wataileta. Lakini mpunga aliouza si wake, na ulikuwa wa mwisho, na mwenyewe alikuwa amesimama pale pale akiuliza.

Nikamwambia mwenye mpunga anaitwa Mama Yenga na kwamba ninamjua. Nilisema katika ofisi iliyofungwa, mbele ya mtu mmoja. Ni rahisi hapo. Sijisifu.

Akaniambia Jumatatu anataka sahihi, na kwamba nimfikirie binti yangu.

Nimemfikiria. Nimemwacha kwa dada yangu, na dada hakuuliza mengi.

Kabla ya kutoka labo nilifungua rejista, ile kubwa tunamoandika kila chupa, nikaandika kwa wino yaliyozipata zile sita. Tatu zimepikwa juani uwanjani. Mbili zimefunguliwa na chef Bolamba, miche ikagawiwa wageni. Moja imeondolewa mezani bila ruhusa, na mimi. Mimi, nimeandika, na jina langu kamili, ili wakitafuta mwizi wasimhangaishe mtu wa mbabula. Kisha nikaweka ufunguo juu ya ile ripoti isiyo na sahihi, mezani kwake, nikaenda zangu nyumbani kufunga nguo.

Papa Ngongo nilimwambia nilichoandika. Alitikisa kichwa, hakufurahi. Akasema nisisahau mifuko ya plastiki ya akiba.

Sasa tumeshaipita Yangambi. Nimeona nyumba zake juu ya ukingo na sikutaka kuzitazama. Siku nilizosoma pale nilidhani mtu akijua kazi yake vizuri imetosha.

Mche mmoja umeanguka. Niliona asubuhi tulipoanza safari: ule niliouvunja mzizi. Jani limejikunja kama uzi na halitainuka. Nilimwambia Mama Yenga bila kuzunguka, kwa kuwa nimechoka kuzunguka. Akalivua kopo mfuko, akamwaga mchanga mtoni, akaliosha kopo akaliweka kwenye kikapu chake. Kopo zuri, akasema, haachi kopo zuri. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu tuingie botini.

Bado hajanisamehe na sijamwomba tena. Ananipa kwanga ya muhogo, ananipa samaki wa moshi, anaweka karibu na goti langu na kugeukia upande mwingine. Mchana huu alinyoosha mkono akachukua kopo moja, akaniuliza mfuko unafunguliwa vipi, kwa kiasi gani, saa ngapi, na nikiwa sipo atajuaje kama mche una kiu. Nikamweleza. Akanirudishia maelezo yangu yote, neno kwa neno, akingoja nimsahihishe. Halafu akaniuliza tena, jambo lile lile, kwa swali jingine. Nikafahamu kwamba ananipima kama nasema kweli.

Ana haki. Ningekuwa yeye nami ningenipima.

Sijui Jumatatu itanikuta na kazi au la. Nadhani sina. Sijui kama miche miwili inatosha kurudisha mpunga wa watu. Kwa hesabu ya vitabu, mmoja ukizaa mashuke yake vizuri unatosha kuanzia. Sijui hasira hii nitashuka nayo wapi, maana haipungui, na nusu yake ni yangu mwenyewe. Najua kazi ya asubuhi tu. Kesho, jua likiwa bado jepesi, mifuko itafunguliwa kwa upana wa kidole kimoja, ili hewa iingie.

Mama Yenga amesema ataifungua yeye.